Chuma Kimeonewa

Wazee wa kilabu chetu cha shabaha wana imani moja isiyotikisika: bunduki ikigoma, mwenye hatia ni chuma. Kama si springi ni risasi, kama si risasi ni mafuta, na mafuta yakiponyoka mashtaka, basi mkosaji ni mwenye bunduki, kwa uzembe alioanza nao utotoni. Mbao haitajwi kabisa. Kitako kwao ni pambo la kushikia, kitu cha kupakwa vanishi na kusifiwa rangi. Imani hiyo nimeilipia mimi, tena kwa petroli, maana uwanja wa shabaha uko huko Kiambu na mimi nakaa Ngoingwa, Thika.

Bunduki yenyewe si ya kutisha mtu. Ni .22 ya Kicheki, bolti ya kuvuta kwa mkono, magazini ya risasi 5. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, aliyesimamia shamba la kahawa enzi ambazo msimamizi alipewa pikipiki, mbwa na bunduki ya kufukuzia wanyama waharibifu. Alipofariki haikugawanywa pamoja na ng'ombe na viti. Ilipelekwa kituo cha polisi, ikakaa huko mpaka nilipopata cheti changu mwenyewe chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, baada ya kuulizwa maswali ambayo hata mama mkwe hakuniuliza nilipokwenda kuposa. Na usidhani nawinda. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo mnyama wangu pekee ni karatasi yenye miviringo, na hata yeye hunitoroka.

Shingo ya kitako cha zamani ilikuwa na ufa tangu siku za mzee. Yeye aliufunga kwa waya na mpira wa tyubu ya baiskeli, akaridhika. Namwelewa. Alikulia wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1952 hadi 1960, ambapo wapiganaji wa Mau Mau msituni walijiundia bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango likafanya kazi ya bolti, na vipande vya mpira wa tyubu vikasukuma pini. Zilipiga risasi moja, na wakati mwingine zilimjeruhi aliyezishika. Hakuna aliyekaa chini ya mwanzi akilalamika kwamba risasi ya pili haikuingia chemba vizuri. Sisi wa leo tumedekezwa.

Basi nikaamua kununua kitako kipya. Thika ina fundi wa kila kitu. Ukitaka mtu wa kuchonga mguu wa sofa ufanane na wa simba, humalizi hata mtaa mmoja hujampata. Lakini sheria inataka anayetengeneza bunduki kwa biashara awe amesajiliwa, kwa hiyo fundi wangu wa sofa, mwenye mikono ya dhahabu na bei ya kibinadamu, haruhusiwi kuigusa. Ni lazima Nairobi. Na kwenda Nairobi ni kupitia ile barabara kuu iliyokamilika mwaka 2012, njia nane kwa hesabu ya serikali, ambazo kila ninapokuwa na bunduki kwenye buti husimama zote nane Githurai, na mimi nabaki nikimtazama kila polisi wa trafiki kana kwamba nimeiba kitu, hali cheti kiko mfukoni.

Muuzaji niliyemwendea, ambaye simtaji kwa sababu ana bunduki nyingi kuliko mimi, alinionyesha kitako cha mti wa walnati kilichochongwa tayari kiwandani. Kizuri, sikatai. Mishipa ya mbao ilikuwa inang'aa kama chai ya rangi kwenye glasi. "Hiki kinaingia moja kwa moja, mzee," akasema. Siku hizi nikisikia "kinaingia moja kwa moja", iwe ni kitako, bomba la sinki au mkwe mpya, mkono wangu hushika pochi wenyewe.

Uwanjani mambo yakawa hivi. Bolti iliyokuwa ikiteleza kwa kidole sasa ilitaka kiganja kizima. Ukiisukuma mbele, mara inaokota risasi, mara inapita juu yake na kufunga chemba ikiwa tupu. Mkono wa bolti ukiushusha, unagota kabla haujafika mwisho. Ukifyatua unasikia "tk" ya aibu, na risasi inabaki ndani. Sasa kanuni ni kwamba risasi ikikataa kulipuka unatulia, mtutu ukielekea shabaha, kwa sababu inaweza kuwa imechelewa tu. Kwa hiyo nilikuwa nimelala kifudifudi, siwezi kugeuka wala kuondoka, na nyuma yangu wazee wamejipanga kunihutubia.

Wa kwanza aliamuru risasi zibadilishwe. Nikanunua za aina nyingine, ghali zaidi, zikagoma kwa heshima ile ile. Wa pili aliishika magazini, akaibonyeza kwa dole gumba, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya mapafu, akasema springi imechoka. Wa tatu hutembea na kichupa cha mafuta mfukoni na hangoji kuombwa. Alimimina. Mafuta yakachanganyika na masizi ya baruti, yakawa uji, bolti ikawa nzito zaidi, naye akasema hiyo ni dalili kwamba mafuta yameanza kufanya kazi.

Shemeji yangu, ambaye silaha yake kubwa ni rimoti ya televisheni, alishauri niiuze.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeliuliza: ni kitu gani kimebadilika? Springi ni ile iliyokuwa ikifanya kazi wiki iliyotangulia. Risasi nilizoanza nazo zilitoka kwenye boksi lile lile. Mtutu ni wa tangu baba mkwe akiwa kijana. Kitu kipya kilikuwa kimoja, kimelala mashavuni mwao wakiisifu rangi yake.

Nililisema hilo. Nikaambiwa mbao haiwezi kuzuia chuma.

Ajabu ni kwamba hapa kwetu tuna mfano wa zamani wa mtu aliyeshughulikia mbao kwa makini. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu ikulu ya Marekani, alikuja kuwinda na kufikia Juja kwa McMillan, yule tajiri aliyezikwa baadaye Ol Donyo Sabuk. Juja ni jirani kabisa, kati ya Ruiru na Thika. Moja ya bunduki zake ilikuwa Springfield ya kijeshi aliyotaka iwekewe kitako cha kumfaa yeye, si cha askari yeyote tu. Macho yake yalikuwa mabovu, alivaa miwani, na mwenyewe hakujiona mlengaji hodari. Hata hivyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Ikulu, bila shaka, haiambiwi "kinaingia moja kwa moja".

Aliyeniokoa ni mstaafu mmoja aliyekuwa fundi wa silaha jeshini, mtu wa maneno machache ambaye kilabuni hukaa pembeni na thamosi yake. Aliniita kijana, nami nina wajukuu. "Kijana, hakikisha hakuna risasi chemba wala magazini. Kisha legeza skrubu ya mbele ya kitako nusu mzunguko, uvute bolti."

Nikalegeza. Bolti ikateleza kama zamani. Nikaikaza tena, ikakwama. Wazee wakanyamaza kidogo, halafu yule wa mafuta akasema ni kwa sababu mafuta yalikuwa yamepata muda wa kupenya.

Nikaenda nyumbani nikiwa na elimu. Nilichoelezwa na mstaafu ni hiki, na nakitoa bure kwa yeyote mwenye cheti na subira. Bunduki ya aina hii hushikwa na kitako kwa skrubu zinazopita kwenye mbao na kuingia kwenye chuma. Kitako changu kipya kilikuwa chembamba pale mbele, kwa hiyo skrubu ile ile ya zamani ikawa ndefu kupita kiasi, ncha yake ikachungulia kwenye njia ya bolti. Huo ndio ugumu. Tundu la magazini nalo lilichongwa jembamba, mbao ikaibana magazini isipande mpaka mwisho, bolti ikawa inapita juu ya risasi badala ya kuisukuma. Na lile pengo la pembeni, ambamo mkono wa bolti hulala, halikuchimbwa vya kutosha. Bolti isiposhuka mpaka mwisho, nguvu ya pini huishia katika kuimalizia safari, na kitako cha risasi huguswa tu. Yaani risasi, springi na mafuta, wote watatu walikuwa wamesingiziwa.

Kujua mbao inagusa wapi, mafundi wa zamani hupaka chuma masizi ya koroboi, hukirudisha kwenye kitako, hukitoa, kisha hutazama mbao imechafuka wapi. Kwetu koroboi iliondoka umeme ulipoingia, kwa hiyo niliazima rangi ya midomo ya mama watoto. Kuazima si neno lake. Neno lake silirudii hapa. Ilionyesha kila mahali palipogusa, pamoja na shati langu. Kwa mtutu, kazi ni kupitisha kipande cha karatasi kati yake na mbao kuona kinakwama wapi, na hapo ile noti ya zamani ya elfu moja, iliyofutwa mwaka 2019 nikaisahau ndani ya koti, hatimaye ilinifanyia kazi ya maana. Ilikwama upande wa kushoto. Mbao hunywa unyevu na kufura, kwa upana kuliko kwa urefu, na mimi kitako nilikinunua jua la Februari nikakipeleka uwanjani mvua za masika.

Nikajaribu na risasi bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti, magazini baada ya magazini, mpaka mama watoto akauliza kama ile "tka-tka" ina mwisho.

Kuchonga si kazi yangu. Nikarudi Nairobi, njia nane, Githurai, jasho. Muuzaji alizitazama alama nyekundu kwenye kitako chake cha moja kwa moja, akaziangalia sana, akaniuliza kama nyumbani ni salama. Akachukua patasi na msasa, akachonga pale palipochafuka tu, akapaka vanishi kwenye mbao iliyobaki uchi ili isinywe maji tena, akafunga skrubu fupi zaidi. Kazi ya saa moja. Kisha akaniandikia risiti, na kwenye risiti hiyo, wasomaji wangu, aliandika: "Marekebisho ya bolti."

Nilimwambia bolti haikuguswa. Akasema kwenye kompyuta yake hakuna mahali pa kuandika mbao.

Sasa inafanya kazi. Risasi inapanda, inaingia, inalipuka, ganda linaruka na kumwangukia yule mzee wa mafuta, ambaye bado hukaa karibu kusubiri shukrani. Kwenye karatasi yangu shabaha ziko pembezoni kama zamani, moja hata ilikuwa kwenye karatasi ya jirani. Wazee wamekutana kuhusu jambo hilo, wamenywa chai, na tayari wameanza kuitazama darubini kwa jicho baya.