Sifa za Mtihani wa Ung'eng'e

Mkulima wa alizeti wa Ikungi akienda ofisi ya kijiji na malalamiko yake, husikilizwa dakika mbili kisha huambiwa aje Jumatatu. Mgonjwa akifika kwa daktari, hajamaliza kueleza panapouma, karatasi ya vipimo imeshaandikwa. Mkwe hasikilizwi kabisa. Katika mkoa mzima wa Singida, kutoka Itigi mpaka Nduguti, najua njia moja tu ya mtu wa kawaida kuketi mbele ya msomi asiyemjua, akaulizwa kwao pakoje, anapenda chakula gani, ana maoni gani kuhusu vijana wa siku hizi, na msomi huyo akatulia, akamsikiliza dakika kumi na moja mpaka kumi na nne bila kugusa simu. Njia hiyo ni kulipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS.

Mtihani huu unasemwa vibaya sana. Wanaoushindwa huuita wizi, na wanaoufaulu hawausemi tena, kwa kuwa wameshaondoka. Mimi nimeamua kuutetea. Sina maslahi, hakuna anayenilipa, na kwa ninavyoandika hapa sidhani kama kuna atakayenilipa.

Kwanza, ni mtihani wenye ukoo. IELTS yenyewe ilianza mwaka 1989, na wenyewe ni watatu: British Council, IDP ya Australia, na Cambridge. Lakini babu yake ni wa mwaka 1913, pale Cambridge ilipotunga mtihani wake wa kwanza wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni. Uliendelea kwa saa 12 hivi. Walijitokeza watahiniwa watatu, na wote watatu wakafeli. Kwa hiyo kijana wa Singida akirudi nyumbani na bendi 5 kati ya 9 asijifungie chumbani. Amejiunga na jamii kongwe yenye heshima zake, ambayo wanachama wake wa mwanzo walikatwa asilimia mia.

Sehemu za mtihani ni nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Zile tatu za mwanzo hujibiwa bila kufungua mdomo, na mitihani ya hivyo tumeizoea. Mtoto wa Kitanzania hufanya mitihani ya karatasi tangu angali na meno ya utotoni; anajua kukariri, anajua kudesa, anajua kubashiri kati ya A na C. Sehemu ya kuongea ndiyo inayomwaga watu jasho, na ndiyo ninayoisifu hapa.

Ona inavyochangamsha nchi. Singida hatuna kituo cha mtihani huu, na wengi wetu huufuata Dar es Salaam, safari ya kilomita 700 hivi. Mama ambaye angemkatalia mwanawe nauli ya kwenda harusini Mbagala, akisikia habari za "mtihani wa Ulaya" hupeleka mbuzi mnadani mwenyewe. Na anapeleka kadhaa, kwa sababu mmoja hatoshi kwa ada. Kijana hupanda basi Misuna alfajiri, anapita Manyoni, anapita Dodoma. Mwenye haraka hushukia hapo, na tangu mwaka 2024 anaweza kumalizia kwa treni ya SGR. Wizara ngapi zimewahi kuwahamasisha vijana wetu kuiona nchi yao kwa gharama zao wenyewe?

Maandalizi nayo yana neema zake, na hapo ndipo ninapotaka kumtaja msaidizi ambaye hajawahi kushukuriwa. Kuku wa kienyeji wa Singida anajulikana mpaka masoko ya Dar es Salaam, lakini anajulikana kwa nyama na mchuzi tu. Hakuna aliyemsifu kama msikilizaji. Nyuma ya nyumba, jua likiwa limeinama, kijana amesimama na karatasi mkononi akilieleza kundi la kuku faida na hasara za teknolojia. Kuku wanachakura na kuinua shingo, na hakuna anayecheka. Jogoo peke yake ndiye mkorofi, humkatiza mtu katikati ya sentensi. Lakini hilo nalo ni zoezi, maana mtahini ana ruhusa ya kukukatiza muda ukiisha, hata kama ndiyo kwanza umelipata neno ulilokuwa unalisaka. Bibi akiuliza, "Mjukuu wangu, unagombana na nani huko?" jibu la adabu ni, "Nasoma, bibi."

Kwa nini kuku na si watu? Kwa sababu sisi Watanzania hatuna huruma na mtu anayejifunza ung'eng'e. Ukikosea, umechapia, na kuchapia kwako kutasimuliwa kijiweni mpaka mavuno. Ukipatia, umejiharibia zaidi: unabonga yai, unajifanya hukusoma Kayumba kama sisi. Katikati ya kuchapia na kubonga yai kuna njia nyembamba sana, na wengi wetu tumeamua kuikwepa kwa kufunga mdomo. Nimewaona watu wenye shahada, walioandika tasnifu nzima kwa Kiingereza, wakigeuka mabubu ghafla mgeni anapoingia ofisini na kusalimia.

Sasa nije kwenye kadi. Katika sehemu ya pili mtahini anakupa kadi yenye mada, penseli na kipande cha karatasi. Una dakika moja ya kujiandaa, kisha unasema peke yako mpaka dakika mbili. Eleza jengo la zamani linalokuvutia. Eleza majira unayoyapenda. Eleza jambo unalofanya ukiwa na nafasi. Mitihani mingine humwadhibu mwongo, lakini huu unamkaribisha na kumvutia kiti. Mtahini hakutumwa kuchunguza ukweli wako. Anapima mambo manne tu, yaani mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Ukisema babako ni rubani, naye ni fundi baiskeli, hakuna alama inayopungua alimradi rubani huyo umemrusha katika wakati uliopita bila kukosea.

Hapo steshenari zikapata biashara. Desa la majibu hutolewa kopi, kijana analikariri neno kwa neno, na Singida inapata raia wapya wa ajabu. Yupo aliyekulia Iramba na kuushuka Sekenke juu ya lori la vitunguu, ambaye kwa mujibu wa kadi yake hupenda kutembelea makumbusho kila mwisho wa wiki. Yupo anayependa kuogelea, wakati ziwa analolifahamu ni Singidani, lenye maji ya chumvi, ambalo yeye na wenzake wamelitazama tu kutoka ukingoni wakihesabu heroe. Yupo anayependa msimu wa majani kupukutika kwa sababu ya rangi zake. Singida tuna masika na tuna kiangazi, na upepo uko katika vyote viwili, lakini mtoto wa watu ameketi Dar es Salaam akimweleza mtahini jinsi mioyo inavyotulia majani ya rangi ya dhahabu yanapoanguka bustanini. Rafiki yake mkubwa anaitwa John. Sisi wa mtaani hatujawahi kumwona John.

Nausifu uongo huu kwa moyo wote, isipokuwa una kasoro moja: haufiki dakika mbili. Desa la mtu mwingine huisha kwenye sekunde ya arobaini, na hapo ulimi hukwama kwa sababu nyuma yake hamna kitu. Kisha inakuja sehemu ya tatu, mtahini anauliza kwa upole kwa nini vijana wa leo hawapendi makumbusho. Mpenda makumbusho wetu hajawahi kuingia hata moja. Laiti angesema boma la Wajerumani Kilimatinde, au mnada, au mwaka ule bei ya vitunguu ilipoporomoka na baba akakaa mlangoni siku nzima bila kusema! Angechapia mahali pengi, lakini angekuwa na la kusema mpaka mtahini amkatize, na kukatizwa na mtahini ukiwa bado unalo la kusema ni dalili njema kuliko kubaki mnatazamana.

Uso wa mtahini unahitaji sifa zake peke yake. Hatabasamu kwa utani wako. Hatatikisa kichwa kukubali wala kukataa. Maswali ameandikiwa na sauti yake inarekodiwa kama yako, kwa hiyo naye yuko mtihanini. Watu wanalalamika kwamba uso ule unatisha. Mimi nasema fikirieni tena: huyo ni msomi wa kwanza maishani mwako ambaye umekosea Kiingereza mbele yake na hakucheka, hakukusahihisha mbele ya darasa, wala hakukutundikia kibao shingoni.

Kibao chenyewe wengi mnakijua. Shule nyingi za sekondari zina tangazo la rangi ukutani kwamba hapa ni Kiingereza tu, na katika baadhi ya shule anayenaswa akisema Kiswahili hubebeshwa kibao mpaka amnase mwenzake. Watoto wana akili. Waligundua mapema kwamba asiyesema lolote hanaswi. Shule ikawa kimya, na mgeni akipita husifu nidhamu. Sisi tulipomaliza kidato cha nne, Kiingereza chetu kilipimwa kwa karatasi peke yake, na ukimya ule haukutupunguzia alama hata moja.

Serikali haikukosa kuambiwa. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Haikuwa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Mwaka huohuo Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta hali mbaya mno, hakifai kusomea. Kisha wakapendekeza kiendelee kutumika kusomea. Ukiwauliza leo watunga kadi za IELTS watoe mfano wa hoja yenye mtiririko, sidhani kama wataichagua hiyo.

Na kwa hiyo muuguzi wa Kiomboi, aliyesoma sekondari kwa Kiingereza na uuguzi kwa Kiingereza, akitaka kazi Uingereza lazima athibitishe kwamba anakijua. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo watu wake hawasumbuliwi na swali hilo. Jamaica imo, Barbados imo, Malta imo. Tanzania haimo. Baraza la wauguzi la huko linataka bendi 7 katika kuongea, basi dada huyu aliyezalisha akina mama usiku kwa mwanga wa tochi huketi na kueleza likizo anayoikumbuka. Hajawahi kupata likizo ya kukumbukwa, lakini ataipata hapo hapo, ndani ya dakika moja ya penseli.

Lugha nyingine anazozijua hazina bendi. Na anazijua: Kinyaturu cha bibi, Kinyiramba cha sokoni, Kiswahili cha kazini, salamu mbili tatu za Kibarbaig kwa wafugaji wanaoleta wagonjwa. Huko Mkalama wapo Wahadzabe wanaosema kwa midoko ambayo mtahini wa Cambridge angehitaji zaidi ya kuku kuifanyia mazoezi. Kwa yote hayo hakuna cheti. Kwa lugha ya tano tu ndiyo anapewa namba na cheo. Vyeo vyenyewe vinapendeza: bendi 9 ni bingwa, na bendi 5 ni mtumiaji wa kiasi. Mtumiaji wa kiasi! Natamani viongozi wetu wengine wangepewa vyeo vya namna hiyo, na wakavipokea.

Waungwana wa mtihani hawakuacha hata mlango wa kiburi wazi. Cheti cha kidato cha nne unakitia fremu, unakipamba kwa maua ya plastiki, kinakaa sebuleni mpaka wajukuu. Bendi yako ina tarehe ya mwisho kama paketi ya maziwa: miaka miwili. Viza ikichelewa, chuo kikiahirisha, mbuzi wengine wanaenda mnadani na kuku wanaitwa tena nyuma ya nyumba. Nani mwingine anawajali wafugaji wetu kiasi hicho?

Walimu wa Kiingereza wa Singida, kama bado mnasoma mpaka hapa, naomba jambo moja. Vitabu na kaseti muwaachie wenyewe. Chukueni ile sehemu ya kuongea tu: mtoto mmoja, mwalimu mmoja, dakika chache, swali kuhusu kwao, na uso usiocheka. Kibao kikachomwe kuni.

Na wewe unayesafiri wiki hii, kitambulisho utakachoulizwa mlangoni ni kilekile ulichojiandikishia. Kikague kabla basi halijaondoka Misuna, kwa sababu usipokuwa nacho hawatakuruhusu kuingia.