Anayemtaka Mchezaji Wetu Alete Posa

Ndugu Mkurugenzi wa Michezo,

YAH: MATARAJIO YA SHABIKI KWA MSIMU UJAO WA MPIRA WA KIKAPU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu ya kunikumbusha kulipia tiketi ya msimu. Nashukuru. Imefika wiki ileile ambayo mfungaji wetu bora ametangaza kuhama, mchezesha timu kamfuata, na yule mrefu wa katikati, tuliyemvumilia akiangusha mipira mpaka mikono ikashika, naye kaaga. Barua inasema sisi ni familia. Bei imepanda.

Siwalaumu vijana. Vyuo vya Marekani vilikula jasho lao miaka na miaka. Leo vinaruhusiwa kuwalipa, na wenye nazo wanatoa mamilioni. Sisi hatunazo, hilo naelewa. Hata chuo cha Saint Peter's, waliowatoa chuo cha Kentucky mwaka 2022 na kufika robo fainali ya taifa wakiwa wamepangwa namba 15, siku chache baada ya timu kutolewa, kocha wao alikuwa keshahamia chuo cha Seton Hall, na wachezaji wakaanza kufungasha. Ninacholalamikia ni utaratibu. Familia gani hii ambayo mtoto anaondoka na wazee wanaisoma habari kwenye simu?

Kwa hiyo naomba: chuo kikubwa kinachomtaka kijana wetu kilete posa.

Kitume mshenga, mtu mzima mwenye koti na ulimi wa kistaarabu. Wakala hatumtaki. Aje na barua ndani ya bahasha, na bahasha isiwe nyepesi. Agonge mlango wa ukumbi. Sisi mashabiki tuwe ndani, kimya, tukijifanya hatujui kilichomleta. Akishatoa kifungua mlango aingie, ila kiti tumcheleweshee. Akisema ameona ua zuri bustanini kwetu, tumuulize lipi, maana yamebaki mawili. Akithubutu kutaja asilimia za kijana kwenye mitupo ya pointi tatu, tumtoze faini kwa kuhesabu mali isiyo yake. Ndipo tusome orodha: kilemba cha kocha msaidizi aliyekesha akimrekebisha kiwiko, mkaja wa mama wa bwaloni aliyekuwa akimwongezea paja la kuku bila kuulizwa kadi, ubeleko wa tabibu wa timu, aliyembeba siku alipoteguka kifundo, na doti moja ya kanga kwa kila mwenye tiketi ya msimu. Mahari yenyewe tutaje kubwa, waombe kupunguziwa, tununiane kidogo, tukubaliane. Kisha tumsindikize kijana hadi garini kwa vigelegele.

Mengine ni madogo. Zile mechi za Novemba tunazokwenda kupigwa ugenini ili tulipwe hundi, basi hundi ionekane walau kwenye taa za choo cha ukumbi. Kocha apigwe marufuku kusema "tunajenga". Majina mgongoni mwa jezi yawe ya kubandika. Na lile bango la mlangoni liondoeni: mmemfunika mfungaji wa msimu uliopita kwa tangazo la pizza, na sikio lake moja bado linachungulia pembeni.

Kuhusu ushindi, sidai ubingwa. Mwaka 2018, kwenye mashindano hayo ya taifa, chuo cha UMBC, waliopangwa namba 16, waliwafunga Virginia waliopangwa namba 1 kwa pointi 74 kwa 54, na ndoto haina kodi. Lakini mwaka 2025 timu 16 zilizobaki mashindanoni zilitoka zote katika ligi nne za wakubwa, kwa hiyo tusidanganyane. Nataka kijana mmoja tu nimjue jina mwaka huu, na mwakani nimjue tena. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam alicheza chuo cha Connecticut misimu mitatu. Watu walimwona akikua. Ninyi mnatuuzia wageni kila Novemba, mnawaita ndugu zetu, halafu mnatutoza kiingilio cha kuwazoea. Mnatuona mabwege. Mmekwishapiga hesabu kwamba wachezaji wana pa kwenda, makocha wana pa kwenda, ila shabiki hana.

Samahani, nimepandisha sauti. Fomu ya tiketi nimeiambatisha, pamoja na malipo kamili kwa bei mpya. Hesabu yenu iko sahihi.

Wako katika ujenzi wa timu,

Ndugu yenu wa safu ya juu kabisa

Nakala: Kocha Mkuu, kama bado yupo.