Mvumilivu Hula Uji

Ahadi ya mapishi haya ni tamu kuliko chakula chenyewe. Asubuhi unatumbukiza kuku, sosi ya soya, tangawizi, karoti na tambi kwenye chungu cha umeme kipikacho polepole, unabonyeza kitufe, unakwenda kazini, na jioni unarudi kukuta tambi za kuku kama zile za kufungashiwa kwenye migahawa ya Kichina ya Marekani. Unachokikuta hasa ni donge la rangi ya udongo lililochukua umbo la chungu kwa utii wote, na mwiko ukichomekwa katikati yake husimama wima. Wapishi wengi hapo hujilaumu: pengine maji yalizidi, pengine tambi zilikuwa za bei ya kutupa. Wasijilaumu. Chungu nacho kimefanya kazi yake barabara. Mkosaji ni yule aliyeandika kwamba kila kitu kiingie pamoja asubuhi.

Chungu hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya tambi. Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago, aliomba hataza yake mwaka 1936 akaipata 1940, na wazo alilitoa kwenye masimulizi ya mama yake kuhusu cholent, mchuzi mzito wa maharage na nyama wa Wayahudi wa Vilna, huko Lithuania. Kwa kuwa Sabato hairuhusu kuwasha moto, mchuzi huo uliingizwa kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla jua halijazama, ukaliwa kesho yake. Naxon alikiita chombo chake Naxon Beanery, jina lisilomficha mtu kwamba hapa yanapikwa maharage. Baadaye kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake, ikaanza kukiuza mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot, na tangu hapo kimekuwa kikipewa kazi ambazo hakikuziomba. Maharage hupenda kusubiriwa. Tambi ya ngano haijui kusubiri: wanga wake huanza kunywa maji na kuvimba joto likikaribia nyuzijoto 60, dakika chache baadaye imeiva, na kila saa inayofuata ni ya kuvunjika tu.

Halafu kuna ladha. Ile ladha ya mgahawani hutoka kwenye karai la chuma, mafuta yaliyopita nyuzijoto 200, na mpishi anayegeuza geuza bila kupepesa macho. Kuku na tambi hupata ukingo wa kahawia kwa mmenyuko unaobeba jina la Louis-Camille Maillard, mkemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, nao hushika kasi kuanzia nyuzijoto 140 hivi. Chungu chenye mchuzi ndani na kifuniko juu hakivuki 100. (Methali zetu za kusifu subira hazikutungwa mbele ya karai la Kichina.) Wapo watakaosema: basi kiwekwe kwenye kiwango cha juu. Haisaidii. Viwango vyote viwili huishia karibu joto lile lile, chini kidogo ya kuchemka. Cha juu hufika mapema tu, ni kama kulipia basi la haraka liendalo kwenye uji ule ule.

Utetezi wenye nguvu ni wa kuku, na huo naukubali. Mapaja yana kolajeni, na moto mdogo wa saa kadhaa huigeuza kuwa jelatini, nyama ikalainika na mchuzi ukapata uzito. Kidari, kisicho na mafuta, hutoka nyuzi kavu. Basi chungu kipewe mapaja, sosi na tangawizi. Kuku awe ameyeyuka barafu kwanza, maana aliyeganda hukawia mno kati ya nyuzijoto 4 na 60, mahali bakteria wanapostawi. Wanga wa mahindi wa kufanya mchuzi uwe mzito uingie mwishoni. Tambi zichemshwe kando, zichujwe zingali na ukakamavu, kisha zirushwe kwenye kikaango cha moto mkali. Mtu atauliza kuhusu mapishi yanayotia tambi chunguni dakika 15 za mwisho. Yana akili zaidi, lakini yanataka mpishi awe nyumbani akitazama saa, na aliyeko nyumbani anaweza kuchemsha maji. Wanaopenda tambi laini, hasa watoto wasio na meno, waachiwe raha yao. Lililobaki ni la vyombo: ahadi ilikuwa chungu kimoja, nami nimeongeza sufuria, chujio na kikaango. Hoja hiyo sina jibu lake, na sinki la mtu mwingine si mahali pangu pa kuingilia.