Kizibo Kimegoma

Chupa ya kostiki soda ikisahauliwa kabatini kwenye maabara ya shule, siku ya kuifungua inahitaji kamati. Mmoja ameshika shingo, mwingine amekumbatia kitako, wa tatu anagonga kizibo kwa mpini wa fagio. Wa nne anatoa maelekezo. Kidato cha tatu wanashangilia, na kizibo hakitikisiki.

Hakuna uchawi hapo. Kostiki soda hula kioo polepole. Kizibo cha kioo na shingo ya chupa husagwa makusudi ili vishikane barabara, na kimiminika kikipenya katikati yao hushambulia pande zote mbili. Kikikutana na kaboni dayoksaidi ya hewani, huacha chembe nyeupe za kabonati zinazojaza upenyo uliobaki. Kizibo cha mpira, au chupa ya plastiki, kingeepusha vurugu zote hizo, lakini aliyechagua chupa alipenda inavyong'aa.

Basi kila kitu kiwekwe kwenye plastiki? Aulizwe aliyewahi kutumia otoklevu, mtambo unaotakasa vyombo kwa mvuke wa nyuzi joto 121. Ukigeuza chupa ukatazama kitakoni, utaona pembetatu ya mishale yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, nayo huvumilia. Namba 2 ni polithini nzito, ndugu wa madumu ya maji, nayo kwa joto hilo hulegea. Asiye na habari na namba huingiza chupa zilizosimama wima, akatoa chupa zimebonyea mbavu, moja imeegemea bega la jirani. Kisha huanza kazi ngumu kuliko sayansi: kuandika barua ya kuomba nyingine.

Haidrojeni peroksaidi iliyo kali nayo haitaki kubanwa. Hata ikitulia kivulini huvunjika kidogokidogo na kutoa oksijeni, ndiyo maana kifuniko chake huachiwa njia ya kupumulia. Mtu nadhifu akikibadilisha na kuweka kisichopitisha hewa, chupa huota tumbo, na usiku mmoja hujifungua bila mkunga.

Kituko cha spiriti kiko kwenye jina. Limeandikwa kwa maka peni, kwa wino unaojinadi kuwa wa kudumu. Tone moja likichuruzika ubavuni, chupa inajifuta jina yenyewe. Penseli juu ya karatasi ingebaki, maana spiriti haiyeyushi grafiti.

Chupa isiyojulikana ina nini, hata hivyo, iliwahi kuokoa dhahabu. Mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoingia Copenhagen, mkemia George de Hevesy alikuwa kwenye taasisi ya Niels Bohr, zilikohifadhiwa medali za Nobel za Max von Laue na James Franck. Akaziyeyusha kwenye mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya haidrokloriki, akauacha rafuni. Taasisi ikapekuliwa, kimiminika hakikuguswa. Baada ya vita dhahabu ikatolewa humo, na medali zikatengenezwa upya.

Mtunza maabara anayerithi kabati la mtangulizi wake hana matumaini ya medali. Anaikuta nyuma kabisa chupa ya kahawia, karatasi yake imeliwa na mende, ndani mna kitu kinachotikisika kwa uzito. Anaitazama kwenye mwanga, anaifuta vumbi, anachukua penseli na karatasi mpya, anaandika kwa herufi kubwa "USIGUSE", na kuirudisha palepale.