Mizani ni ya Nani?

Timmins, Ontario

Baba Mkubwa, wangaluka. Shikamoo wewe, na shikamoo Shangazi, ambaye najua amevuta kigoda karibu na msomaji ili asipitwe na habari ya fedha. Fedha ipo, Shangazi, lakini iko mwishoni mwa barua. Na wewe kijana unayesoma, ole wako uruke kurasa.

Huku ni baridi. Hilo mlishaambiwa na kila aliyetangulia ughaibuni, kwa hiyo tuliache.

Ambalo hamkuambiwa ni kwamba nimetoka Kakola, kwenye kelele za karasha na vumbi la Bulyanhulu, nimevuka bahari, na nimeshukia kwenye mji mwingine wa dhahabu. Timmins wanachimba tangu mwaka 1909. Shimo la Hollinger limepakana na nyumba za watu, na wakazi walikuwa wakilalamikia mitikisiko ya baruti kwa sauti ileile ya ndugu zetu wa Katoma wanaopakana na mgodi wa Geita. Tofauti ni kwamba hawa walilalamika wakiwa wamevaa glavu.

Mnamkumbuka Williamson wa Mwadui? Alikuwa Mkanada, mtaalamu wa miamba kutoka Quebec. Alikuja Shinyanga akahangaika porini mpaka mwaka 1940 alipoikuta almasi, na akawa tajiri wa kutajwa dunia nzima. Basi na mimi nimekuja kwao kutafuta. Mpaka sasa nimekuta zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na bili ya intaneti. Barua hii ni ya bili.

Nyumba tunaishi watatu: mimi, dada mmoja wa Bukavu, na kijana wa Kumasi ambaye akicheka majirani wanawasha taa. Intaneti iko kwa jina langu. Vipo vifurushi visivyo na kikomo, lakini mnanijua; nilichukua cha bei nafuu, GB 300 kwa mwezi kwa watu watatu, na ukizidisha unalipia dola mbili kwa kila GB. Nikasema moyoni, mtu aliyekulia kwenye bando la siku moja la elfu moja atashindwaje kuishi na GB 300? Tukapangiana zamu za filamu. Kijana wa Kumasi alipewa mpira, dada wa Bukavu akapewa kwaya, mimi nikabaki na ninyi na simu zenu za video, ambazo nusu yake huwa naangalia dari la nyumba ya Mama kwa sababu simu imelazwa mezani.

Mwisho wa mwezi bili ikaja. Mmetumia GB 380. Mmezidisha 80. Mnadaiwa dola 160 juu ya bei ya kawaida.

Dada wa Bukavu akamtazama kijana wa Kumasi. Kijana wa Kumasi akanitazama mimi. Mimi nikaifungua ile orodha ya matumizi ya kila siku, nikashuka nayo kwa kidole kama karani wa mahari. Siku zote zilikuwa za kawaida, GB kumi hivi kila moja. Halafu nikafika kwenye Jumamosi moja: GB 44. Jumapili yake: GB 39.

Nikacheka peke yangu, maana wikiendi ile naijua vizuri. Dhoruba ya barafu iliangusha nyaya za umeme Ijumaa usiku, na umeme haukurudi mpaka Jumapili usiku. Tulikaa watu watatu kwenye chumba kimoja tumejifunika mablanketi, tunapasha chai kwenye jiko la gesi la kupikia nje. Mtu mwingine angesahau siku hizo. Lakini mtoto aliyelelewa na mgao wa umeme hasahau saa uliyokatika wala saa uliyorudi, na shirika la umeme la hapa lilikuwa limenitumia ujumbe wa simu kwa yote mawili. Nimezoea kuutunza ujumbe wowote unaothibitisha kwamba sikuwa na kosa.

Sasa pigeni hesabu wenyewe, maana ninyi ni watu wa hesabu. Arobaini na nne na thelathini na tisa ni themanini na tatu. Toa hizo kwenye 380, tunabaki na 297. Hatukuzidisha hata moja. Na filamu yenye picha nzuri hula takriban GB 3 kwa saa. Kwa hiyo ile Jumamosi, gizani, ruta ikiwa imezimika, sisi tulikuwa tumekaa tunaangalia filamu kwa saa karibu kumi na tano.

Nikapiga simu. Kwanza unaongea na mashine. Mashine inakuuliza shida yako, unaieleza kwa Kiingereza chako cha Shinyanga Sekondari, inakujibu kwamba imekuelewa, halafu inakupeleka kitengo cha mauzo. Ukitoka huko unapigiwa kinanda. Nimekisikiliza kinanda kile mpaka nimekipenda. Siku zamu inapokuwa ngumu najikuta nakivumisha huku nambadilishia mzee shuka.

Hatimaye akatokea binadamu, msichana mwenye sauti ya upole sana. Nikamweleza habari ya dhoruba. Akasema anaelewa ninavyojisikia. Kisha akasema, "Lakini mfumo unaonyesha mlitumia."

Baba Mkubwa, nilidhani mfumo unaishi kwetu tu. Kumbe una ndugu hadi huku, na tabia zao ni moja: mfumo haukosei, hauitwi shahidi, na haujawahi kuonekana kwa macho.

Nikamwambia ruta haina betri, na umeme haukuwepo. Akafikiri kidogo. Akasema huenda jirani ananiibia waifai. Nikamuuliza, kwa umeme upi? Ukiacha hilo, jirani yetu ni bibi wa miaka themanini na kitu anayefuma soksi. Kama ndiye aliyekula GB 44 kwa siku moja kutoka kwenye ruta iliyozimika, basi huyo si mwizi, ni mganga, na ningependa anifundishe.

Ndipo nikampigia Baba Mkubwa. Mlikuwepo, lakini nataka liandikwe. Nilieleza mambo mengi, ruta, dhoruba, mfumo, na yeye akanyamaza kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Akauliza swali moja tu: "Mizani ni ya nani?"

Nikasema ni ya kampuni.

"Na anayeuza?"

Ni kampuni.

"Sasa wewe unashangaa nini?"

Watoto wadogo hawakumwona Baba Mkubwa enzi za pamba, kwa hiyo nawasimulia. Alikuwa akifika kituo cha kununulia, kabla hajaweka gunia juu ya mizani anapanda kwanza yeye mwenyewe. Anajifanya anataka kujua kama amenenepa. Uzito wake alikuwa ameshaupima zahanati, anaujua kichwani. Mizani ikimpunguza kilo nne, anashuka taratibu, anamwangalia karani, na anawageukia walio nyuma kwenye foleni. Hasemi neno. Karani mwenyewe anaanza kugongagonga mizani na kusema leo ina vumbi. Ndiyo maana hata alipohamia kwenye dhahabu, na duara lake la kuchimbia likaanza kutoa, wanunuzi wa Kakola walikuwa wakimwona kwa mbali wanafuta mizani. Na ndiyo maana lilipofunguliwa soko la dhahabu Geita, Machi 2019, alipanda basi kwenda tu kuona kama ni kweli mnunuzi, mchimbaji na ofisa wa serikali wanasimama mbele ya mizani moja.

Basi nikafanya kama yeye. Nilizima kila kitu nyumbani, nikawanyang'anya wenzangu simu wakalala mapema kama kuku, nikapakua faili ambalo uzito wake naujua: GB 10. Kesho yake nikaangalia mita ya kampuni. GB 12.

Nikapiga simu, kinanda, binadamu mwingine, safari hii mwanamume. Huyu alikuwa fundi na alipenda kueleza, nami sikumkatiza. Akasema data husafiri ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinabandikwa anwani ya kinakotoka na kinakokwenda, na anwani nazo zina uzito. Hilo nililikubali; hata gunia tupu lina kilo zake na karani huzitoa. Lakini nikamuuliza anwani zina uzito gani. Akasema asilimia chache. Nikamuuliza, mbili katika kumi ni asilimia chache? Akasema pia wengine huhesabu GB moja kuwa MB 1,000 na wengine MB 1,024. Yaani hata ratili hawajaafikiana, na dola mbilimbili wameshaanza kukusanya.

Na hapa kuna jambo lililoniudhi kuliko fedha yenyewe. Pampu za mafuta za huku zinakaguliwa na wakala wa vipimo wa serikali. Mizani ya bucha inakaguliwa, mita ya umeme inakaguliwa, ya gesi vilevile. Mita ya intaneti imekaa ndani ya kompyuta ya muuzaji, haina muhuri wa mtu, na mteja anaonyeshwa jibu tu.

Nikataka yule fundi aelewe kwamba anaongea na mtu wa Msalala, kwenye mgodi wa Bulyanhulu. Nikamweleza habari ya makinikia, ule mchanga wenye dhahabu uliokuwa ukisafirishwa nje. Kwamba mwaka 2017 serikali yetu ilizuia makontena 277 bandarini, kampuni ya migodi ikisema dhahabu iliyomo kwenye kila kontena ni kidogo, na kamati ya Profesa Mruma ikasema ni wastani wa kilo 28. Kwamba ilifuata bili ya kodi ya dola bilioni 190, na baada ya kukaa mezani mambo yakaisha kwa dola milioni 300, kukazaliwa kampuni ya ubia ya Twiga, serikali ikapewa asilimia 16. Kwamba waliokaa upande wa pili wa meza ile makao yao makuu yako Toronto, kwao huku. Kwa hiyo kwetu sisi kubishania kilichomo ndani ya kontena ambalo hujalifungua ni kazi tunayoifahamu.

Kimya. Kisha akauliza, "Hilo kontena limeunganishwa na modemu yako?"

Siku iliyofuata wakaniandikia kwamba, kama ishara ya wema, wananipunguzia dola 25. Hawakusema wamekosea. Wema tu umewajia. Dada wa Bukavu akasema nichukue, yeye amezoea kuona mambo yakiisha vibaya zaidi. Nikakataa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma, na mnajua nikianza kusoma nyumba nzima inapata tabu.

Nikagundua kwamba Wakanada wenyewe walishapigana vita hii. Mwaka 2011 mdhibiti wa mawasiliano alipotoa uamuzi ambao ungewafanya hata watoa huduma wadogo waanze kuwatoza wateja kwa kila GB, karibu watu nusu milioni walitia saini kupinga, mawaziri wakaingilia, na Novemba mwaka huohuo uamuzi ukageuzwa. Nilijisikia nyumbani. Ni kama kwetu Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoamka asubuhi na kelele za wananchi zikazilaza siku ileile.

Na pale kwetu tulipata kanuni kwamba mteja ajulishwe kifurushi kikifika asilimia 75, na tena kikiisha. Huku nao wanayo, tangu Januari 2020: kampuni kubwa za intaneti lazima zimjulishe mteja kwenye asilimia 75, 90 na 100. Nikafungua ujumbe wangu wa zamani. Taarifa zote tatu zilikuwepo. Ziliingia Jumatatu baada ya dhoruba, dakika moja, zikifuatana: umefika 75, umefika 90, umekwisha. Hata mgonjwa wa ghafla hufa kwa utaratibu zaidi ya huo.

Kuna tume ya huku inayopokea malalamiko ya simu, intaneti na televisheni. Ilianzishwa mwaka 2007, mlalamikaji halipi senti, ila lazima kwanza uwe umebishana na kampuni yenyewe, na mimi ushahidi wa kubishana nilikuwa nao wa kujaza debe. Nikawatumia orodha ya matumizi, ujumbe wa umeme kukatika na kurudi, zile taarifa tatu za Jumatatu, na matokeo ya kile kipimo cha GB 10. Kijana wa Kumasi akataka tuambatanishe na picha yetu ndani ya mablanketi. Tukaambatanisha.

Haikuchukua muda mrefu. Kampuni ilinipigia yenyewe, bila mashine, bila kinanda, mtu mwenye cheo. Akasema kumetokea hitilafu ya kumbukumbu. Hitilafu gani, hakusema. Nilipouliza akarudia maneno yaleyale kwa upole zaidi. Dola 160 zote zimerudishwa.

Shangazi, sasa sogea.

Habari ya kurudishwa kwa fedha niliitoa mimi kwenye kundi la familia saa nne usiku kwa saa za huku, yaani kwenu alfajiri. Kabla kwenu hakujapambazuka vizuri nilikuwa nimeshapokea maombi ya mbolea, ada, tairi la pikipiki, mchango wa harusi ya mtu nisiyemfahamu, na shemeji mmoja ameandika neno "nasi?" peke yake. Nawakumbusha kwamba hii haikuwa faida. Ni fedha yangu iliyokwenda ikarudi, na theluthi mbili ni ya dada wa Bukavu na kijana wa Kumasi, waliochangia bili.

Baba Mkubwa peke yake ndiye aliyeomba kwa hoja. Amesema swali la mizani lilikuwa mtaji wake, kwa hiyo anadai asilimia 16 za bure, zisizopungua, kama serikali ndani ya Twiga, na zihesabiwe kwenye jumla kabla ya wabia kugawana. Tumekaa wabia watatu jikoni tukajadili. Kijana wa Kumasi alipinga, dada wa Bukavu akasema mzee apewe. Baba Mkubwa, zako ni dola 25 na senti 60, yaani senti 60 zaidi ya wema wa kampuni. Nimezituma kwenye simu ya Shangazi pamoja na ya kutolea, na risiti ninayo, kwa hiyo asije akakwambia kwamba zimefika pungufu.