Mdukuzi Atunzwe

Kwenye taarab, mwimbaji akikugusa moyo unainuka na noti yako, unajongea taratibu mpaka jukwaani, unamtunza mbele ya kadamnasi. Kila mtu anaona nani katoa na katoa ngapi. Sasa yupo fundi mmoja aliyetumbuiza watu wenye akaunti milioni 77 mwezi Aprili 2011, akawagusa wote pabaya, na mpaka leo hajatunzwa hata shilingi. Namzungumzia yule aliyeingia kwenye mtandao wa PlayStation wa kampuni ya Sony. Mwizi ni mwizi, sibishi. Lakini hata mwizi ana haki ya kusifiwa pale kazi yake inapokuwa bora kuliko kazi ya waliolipwa mshahara kumzuia. Wala simvishi kilemba cha ukoka.

Kwanza asifiwe kwa kujua wakati. Aliingia kati ya tarehe 17 na 19 Aprili. Jumanne ya tarehe 19, huko Marekani zilitoka gemu tatu kwa mpigo: Mortal Kombat, Portal 2 na SOCOM 4. Vijana walikuwa wamedunduliza, wengine wameomba ruhusa kazini. Jumatano ya tarehe 20 Sony wakang'amua kuna mgeni ndani, wakazima mtandao mzima duniani. Ijumaa yake ikawa Ijumaa Kuu. Yaani shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, mvinyo upo, kochi lipo, gemu mpya ipo, halafu kioo kinakwambia huduma haipatikani. Mwenye SOCOM 4 ndiye aliyenihuzunisha zaidi. Utamu mkubwa wa gemu ile ni kupigana na watu wengine mtandaoni, naye akabaki na bunduki zote, ramani zote, na vita visivyo na adui.

Bila mdukuzi, watu hawa wangeijuaje Pasaka? Inawezekana kabisa kwamba yapo majumba ambamo baba alimsalimia mtoto wake kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Hilo nalo liwekwe kwenye hesabu yake.

Lakini fadhila yake kubwa ni ualimu. Tarehe 22 kampuni ilikiri kwamba kuna mtu wa nje ameingilia mitambo. Tarehe 26, siku sita baada ya kuzima, ndipo ikasema kilichochukuliwa: majina, anwani za nyumbani, barua pepe, tarehe za kuzaliwa, majina ya kuingilia na maneno ya siri. Namba za kadi za benki, tukaambiwa, zilikuwa zimesimbwa. Taarifa binafsi hazikusimbwa. Hapo ndipo somo lilipo. Namba ya kadi hubadilishwa kwa simu moja benki, na wiki inayofuata una kadi mpya. Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki; mama yako hatakubali kurudi leba kwa ajili ya Sony. Kilichofungiwa ni kile kinachobadilika, na kilichoachwa wazi ni kile utakachozikwa nacho. Ni mdukuzi aliyetufahamisha mpangilio huo. Kampuni isingetwambia kamwe, na sisi tusingeuliza.

Na kweli hatukuuliza. Msikilize mchezaji wa siku zile analalamika nini. Analalamika kwamba hawezi kucheza. Anataka kujua mtandao unarudi lini, leo jioni au kesho asubuhi, na kwa nini mwenzake mwenye Xbox anamcheka. Nani sasa anajua anakokaa, hilo halimkoseshi usingizi. Linamkosesha usingizi daraja lake katika Call of Duty. Wenye mali walikuwa wanalilia mchezo, na mtu mmoja tu katika mkasa mzima ndiye aliyejua mali yenyewe ni ipi na inafaa kubebwa. Kama kuthaminiwa ni kutafutwa usiku na mtu aliyejihatarisha kwa ajili yako, basi hakuna aliyewathamini wachezaji wale kama mdukuzi.

Mtu wa sifa sharti awe na ukoo, nao wake ni wa heshima. Desemba 2010, mjini Berlin, kikundi cha wadukuzi kiitwacho fail0verflow kilipanda jukwaani kueleza jinsi PlayStation 3 ilivyofunguka. Mashine ile hukubali programu iliyotiwa sahihi ya Sony tu. Sahihi hiyo hutengenezwa kwa hesabu inayodai namba ya kubahatisha, mpya kila mara. Sony walitumia namba ile ile kila mara. Ukipata sahihi mbili zilizotumia namba moja, ufunguo wa siri unajitokeza kwa milinganyo miwili ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ukumbi ulicheka, na haki yao. Mabilioni ya yeni yamelala juu ya namba ambayo mtu hakujisumbua kuibadilisha.

Huo, kwa haki, ulikuwa mlango wa mashine ya nyumbani. Seva za kampuni zina milango yake. Ila tabia ya nyumba huonekana mlangoni. Kampuni ilipoaibishwa haikuita mafundi, iliita mawakili. Januari 2011 ikamshitaki California kijana George Hotz, aliyeutangaza ufunguo huo hadharani, na tarehe 11 Aprili ikatangaza kwamba wameelewana naye. Hotz mwenyewe alijitenga kabisa na wizi uliofuata. Kundi la wadukuzi la Anonymous lilikuwa limekasirishwa na kesi hiyo, likazisonga seva za Sony kwa maombi ya uongo mpaka zikahema. Baadaye Sony iliwaandikia wabunge wa Marekani kwamba huenda purukushani hiyo ndiyo iliyowafanya wasimwone mapema aliyekuwa akipenya kwa nyuma. Seva za kitengo kingine cha kampuni zikakutwa na faili lenye jina la Anonymous, Anonymous wakakana. Kwa hiyo mdukuzi wetu, mbali na ustadi, ana unyenyekevu: kazi kubwa namna ile, na sifa akawasukumia wengine.

Kitengo hicho kingine ni Sony Online Entertainment, na huko ndiko alikoonyesha kipaji cha uhifadhi wa nyaraka. Tarehe 2 Mei kampuni ilieleza kwamba akaunti milioni 24.6 zaidi zimeguswa, zikiwemo namba za kadi zipatazo 12,700 za watu wa nje ya Marekani, zilizokuwa kwenye kanzidata ya mwaka 2007 iliyokwisha pitwa na wakati. Miaka minne zimekaa pale, hazina kazi, hazina mlinzi, kampuni haikuona haja ya kuzifuta. Akaja mtu kutoka mbali akazikumbuka.

Pia alizalisha ajira. Tarehe 1 Mei, jijini Tokyo, Kazuo Hirai, mkuu wa kitengo cha gemu cha Sony, na wenzake wawili walisimama mbele ya kamera, wakainama kuomba radhi. Mkuu wa mifumo ya taarifa akaeleza kwamba udhaifu uliotumiwa ulikuwa unajulikana duniani, ila uongozi ndio haukuujua. Papo hapo kampuni ikatangaza kuunda cheo kipya cha mkuu wa usalama wa taarifa, na Septemba akapatikana wa kukikalia, aliyetoka wizara ya usalama wa ndani ya Marekani. Mimi nimesikia ahadi nyingi za ajira katika maisha yangu. Sijasikia nyingine iliyotimizwa kwa mtu mmoja kuvunja dirisha.

Ule uinamaji nao usipuuzwe. Kwetu ukifika dirishani unaambiwa sistimu iko chini, na anayekuambia hainui macho kwenye kikombe chake cha chai. Ukiuliza itapanda lini unaonekana mkorofi. Kumwona kigogo wa kampuni ya ukubwa ule ameinamisha kichwa kwa sababu sistimu iko chini, hiyo ni burudani ambayo Mwafrika wa Mashariki angelipa kiingilio kuitazama.

Na hapa kwetu mdukuzi anastahili sifa ya pekee, nayo ni usawa. Wakati ule, ukifungua akaunti ya PlayStation ulitakiwa kuchagua nchi kwenye orodha. Tanzania haikuwemo. Kenya haikuwemo. Afrika Kusini ilikuwemo, na sisi wengine ilikuwa kama hatujagunduliwa. Kijana wa Temeke au Eastleigh aliyetaka kucheza na dunia alijiandikisha kuwa mkazi wa Uingereza, akaweka mtaa ambao hajawahi kuukanyaga na msimbo wa posta alioutoa mtandaoni, mara nyingi wa uwanja wa timu yake. Umri nao akaupandisha. Kampuni ilikataa kumtambua alipo. Mdukuzi hakuuliza pasipoti. Alimwibia sawasawa na Mwingereza halisi, kwa heshima zile zile, kwenye jedwali lile lile.

Nani aliumia hapo? Mwizi aliondoka na mzee wa miaka arobaini anayeishi ndani ya Old Trafford. Wataalamu hutumia fedha nyingi kutafuta namna ya kuchanganya taarifa ili mwizi asifaidike, na kumbe orodha ya nchi iliyosahau karibu bara zima ilikuwa imeshaifanya kazi hiyo bure. Nasema hivi nikijua kwamba barua pepe ilikuwa ya kweli, na neno la siri lilikuwa lile lile la Facebook. Hapo mwizi hakupoteza safari.

Vijana wenzake waliobaki kwenye vibanda hawakujua hata kama kuna msiba. Kibanda cha gemu cha siku zile kina televisheni ya chogo, PlayStation 2 iliyofungwa kwa mpira wa ndani ya baiskeli, pedi ambayo kitufe chake cha kushoto lazima ukikandamize kwa hasira, na benchi. Unalipa kwa mechi. Usalama wa data ni daftari moja la kurasa 48 ambalo mwenye kibanda hulikalia, kwa maana halisi ya kulikalia. Ndani yake umeandikwa kwa jina la utani na deni lako, basi. Hataki tarehe yako ya kuzaliwa wala jina la ukoo la mama yako. Akilipoteza daftari, wateja wake watafanya sherehe. Sony walikuwa na akaunti milioni 77 na hawakuwa na mtu wa kuzikalia.

Mtandao ulianza kurudi Marekani na Ulaya katikati ya Mei, baada ya zaidi ya wiki tatu. Wajapani waliendelea kusubiri kwa sababu serikali yao ilitaka kwanza ihakikishiwe usalama. Kila mtu akaamriwa kubadilisha neno la siri, na ukurasa wa kubadilishia ukawekwa. Siku chache baadaye ikagundulika kwamba ukurasa huo ungeweza kuchezewa, mtu akabadilisha neno la siri la mwenzake akiwa na barua pepe na tarehe ya kuzaliwa tu. Barua pepe na tarehe ya kuzaliwa! Vitu viwili ambavyo dunia nzima ilikuwa imeshatangaziwa kwamba vimeibwa. Ukurasa ukafungwa haraka, ukarekebishwa. Naamini mdukuzi, popote alipokuwa, aliona haya kwa niaba yao.

Ikaja fidia. Mwenye PlayStation 3 alipewa achague gemu mbili za bure kati ya tano, LittleBigPlanet ya mwaka 2008 ikiwemo, pamoja na siku 30 za huduma ya kulipia ya PlayStation Plus. Hasira ikahama kwa kasi ya ajabu. Sasa watu walilalamika kwamba wanazo tayari, kwamba ni za zamani, kwamba Marekani wamepewa orodha tofauti kidogo na Ulaya. Bei ya jina la mtu, anwani yake na siku aliyozaliwa ilikuwa imeshatajwa mezani, na mabishano yaliyobaki yalikuwa juu ya chenji. Kwa hilo simlaumu mdukuzi hata chembe. Yeye alichukua bila kupunguza bei.

Uingereza iliitoza kampuni faini ya pauni 250,000 mwezi Januari 2013, msimamizi wa taarifa wa huko akisema shambulio lingeweza kuzuilika kama programu zingekuwa zimesasishwa. Faini ilihusu sheria ya Uingereza peke yake, najua, lakini ukiigawa kwa akaunti zote milioni 77 haifiki hata nusu peni kwa kichwa. Sony walisema watakata rufaa. Miezi michache baadaye wakaiacha, kwa maelezo kwamba kuendelea na shauri kungewalazimu kufichua taratibu zao za usalama. Walikuwa wamejifunza kulinda siri, walau zao.

Somo la mwisho la mdukuzi lilikuwa limeshakuja Septemba 2011, na halikutoka mkononi mwake. Wachezaji wa Marekani waliwasha mashine wakakuta masharti mapya: ukiyakubali, hutaungana na wenzako kuishitaki kampuni kwa pamoja. Aliyetaka kujitoa kwenye kifungu hicho aliruhusiwa, ila kwa barua ya karatasi, kwa njia ya posta, ndani ya siku 30. Kijana aliyekuwa ameandika malalamiko ya kurasa na kurasa mwezi Aprili alitakiwa sasa kuandika mistari mitatu, kutafuta bahasha na kununua stempu. FIFA 12 ilikuwa inatoka mwisho wa mwezi huo huo, na kitufe cha kukubali kilikuwa pale pale, chini ya kidole gumba.