Malalamiko Dhidi ya Kijana Aliyerudi Akiwa Mzima

Kamishna Jenerali,
Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

YAH: KIJANA WETU KURUDI KUTOKA SOBA HAUSI AKIWA HALEWI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wazee wa kitongoji kimoja cha Gonja, wilaya ya Same. Watu hutusema Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili kugharamia kesi ya kuku. Safari hii ng'ombe tumemwacha zizini, tumenunua karatasi.

Kwanza tunaipongeza ofisi yako. Habari za mashamba ya mirungi kule Tae, humu humu wilayani kwetu, kufyekwa na kuteketezwa zilitufikia. Zile kilo 3,182 za heroini na methamfetamini mlizokamata Desemba 2023 nazo tulizisikia, tukapiga makofi. Mambo hayo yanaeleweka: shamba lina ekari, mzigo una kilo, na mpiga picha anajua pa kusimama. Letu halina ekari wala kilo. Letu ni kijana mmoja anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anatandika kitanda chake, kisha anaosha vyombo alivyolia makande jana yake, mchana kweupe, mbele ya wake zetu.

Historia yake ni fupi. Alianza na viroba akiwa utingo wa malori ya tangawizi. Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017 alitii, akahamia kwenye gongo, ambayo nayo imepigwa marufuku tangu enzi za babu zetu ila bado haijapata barua. Lori likamfikisha Tanga, Tanga akakutana na unga. Aliporudi alikuwa teja kamili, mwizi, na tulielewana naye vizuri. Kijiji kinajua kuishi na teja: kuku wanalala ndani, mama yake analaumiwa, na wazee wanapata mfano wa kuwaonyesha wajukuu.

Ndugu zake hawakuridhika na utaratibu huo. Waliambiwa methadone inapatikana Bombo, wakachangamka, maana Bombo ni kata ya hapa hapa Same. Kumbe ni hospitali ya Bombo iliyoko Tanga. Na kwa kuwa dawa ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, ilibidi ama yeye ahamie Tanga, ama Tanga ihamie Gonja. Basi wakaamua kumpeleka soba hausi, mjini, mbali na sisi, na wakapitisha daftari la michango. Tunakiri kwamba hatukuchanga. Harusi ina kadi, msiba una sanduku na bei yake inajulikana. Ada ya kila mwezi ya kumfundisha mtu mzima kutandika kitanda hatukuipata kwenye mila yoyote. Wenzetu wawili walisema wanaitunza michango yao kwa ajili ya matanga yake, ambayo waliyaona yako karibu.

Tuliposikia kwamba nyumba yenyewe inaendeshwa na watu waliowahi kuwa mateja, tulitulia kabisa. Nani angetuambia kwamba Zanzibar wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, tena wakianzisha wenyewe, kwa sababu anayeijua arosto hababaishwi na mtu mwenye arosto?

Kwa maelezo yake, mle ndani kila saa ina mwenyewe. Kuna saa ya kufagia, saa ya uji, saa ya mkutano wa asubuhi, saa ya darasa la hatua 12, saa ya kukaa kimya. Simu inashikwa na uongozi. Hutoki peke yako. Ndugu wanakuja kwa siku maalumu, na kabla ya kulala mnakaa duara kila mmoja aeleze siku yake ilivyokwenda na ni wapi alipotamani. Ukimuuliza atakaa bila kunywa hadi lini, anajibu, "Leo tu." Jibu hilo limetuchosha, Kamishna. Unamuuliza Januari, leo tu. Unamuuliza Pasaka, leo tu. Mtu asiye na mpango wa muda mrefu atapataje mkopo?

Sasa tunaingia kwenye lalamiko lenyewe. Katika zile hatua 12, ya nane inamtaka mhusika aorodheshe wote aliowakosea, na ya tisa inamtaka awaendee kulipa na kurekebisha. Huenda mjini jambo hili halina madhara. Huku kwetu kijana alikuja na daftari, akasimama nje ya baraza, akataja: magunia mawili ya tangawizi, jembe, majogoo, na redio ya mjane. Mjane alilia, na hilo tulilivumilia. Tatizo ni magunia. Kesi ya magunia yale tulishaiamua, Kamishna. Tulikaa siku tatu, ushahidi ukasikilizwa, mtu mmoja wa kitongoji cha juu akapatikana na hatia na kutozwa faini ya mbuzi na madebe ya dengelua. Mbuzi tulimla. Dengelua, kama unavyojua, haihifadhiki. Leo kijana anasema mwizi alikuwa yeye, na yule wa juu anadai mbuzi wake na mtoto ambaye huyo mbuzi angekuwa ameshamzaa. Je, mwongozo wenu wa soba hausi una kifungu cha kesi zilizokwisha kuliwa?

La pili ni posa. Pombe ikikataliwa mbele ya wakwe, mazungumzo yanapooza. Kijana aliombwa aonje tu, kwa heshima, kijiko kimoja. Akasema kwake hakuna kijiko kimoja. Akaagiza soda. Wasabato hawanywi, tunawajua, wako milimani hapa tangu 1903 na hatugombani nao, maana dini inaeleweka. Ila mtu asiyenywa kwa sababu anaupenda uhai wake, huyo tumuweke ukoo gani?

Tukadhani angalau upweke utamrudisha kwetu. Gonja haikuwa na mkutano wa waraibu wanaopata nafuu, na kilabu tunacho, kinalipa ushuru na hakifungwi na mvua. Tulijitahidi. Tulimtania. Tulimpelekea kibuyu nyumbani "kwa ajili ya wageni". Yeye kila jioni anapanda kilimani kwenye mtandao, anampigia mlezi wake wa kule mjini, wanaongea mpaka salio linakwisha, anashuka.

Siku moja akatueleza kwamba mpango huu ulianza mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, pale dalali wa hisa aliyeshindwa na ulevi alipokutana na daktari mpasuaji aliyeshindwa vilevile, wakakaa wakaongea. Walikuwa wawili tu. Hapakuwa na jengo wala ufadhili, na mkuu wa wilaya hakuja kukata utepe. Tulicheka sana. Mzee mwenzetu mmoja, ambaye tangu afiwe na mkewe hukaa kilabuni mpaka anaondolewa, hakucheka.

Kijana alipoanza kuitisha mkutano wake hapa, mzee huyo alitumwa na sisi kuchunguza. Alikwenda Jumatano, kwenye baraza ya kanisa, kwa lengo la kutuletea taarifa. Taarifa hatujaipata. Jumatano iliyofuata akaenda tena. Sasa anaamka alfajiri na yeye, ameanza kuorodhesha watu kwenye daftari, na baadhi yetu tunajua majina yetu yatakuwa ukurasa wa ngapi.

Kwa hiyo tunaomba ofisi yako ichague moja. Ama mjenge soba hausi hapa Gonja, yenye uzio mrefu, wawili hawa wakae ndani na ratiba yao wasituambukize. Ama, kama bajeti hairuhusu, muijenge hiyo hiyo mtuingize sisi, wao wabaki nje na mashamba. Mkikosa vyote, tumeni basi mtu mwenye mizani na kamera. Atakuta kijana ameongezeka kilo, na hizo kilo hakuna aliyezitangaza.

Tunaomba majibu kabla ya Jumatano.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wazee wa Kitongoji (saini tano, ya sita imejiondoa)

Nakala:
Mwenyekiti wa Kitongoji, aandae mbuzi.
Mwenye kilabu, kwa taarifa. Viti viwili vitolewe.
Mama wa kijana, tuliyemlaumu: asisomewe.